Mimba na kilo nyingi: mwongozo kamili kwa mama wa Nairobi, kuanzia kabla hujashika mimba mpaka mtoto aanze kula

Huku Nairobi dada akiongeza mwili baada ya kuolewa watu wanasema bwana anamtunza vizuri, akishika mimba anaambiwa sasa ale ya watu wawili. Alafu siku ya kwanza kliniki anapanda mizani, namba inasomwa kwa sauti benchi nzima ikisikia, na anaamua moyoni huku atarudi miezi ikikaribia kuisha. Huyo mama ndo namwandikia hii. Nataka arudi kliniki, tena arudi akijua cha kuuliza, juu miezi tisa si ya kukonda. Kazi ni tatu: kilo zipande polepole, sukari na presha zishikwe mapema, na ujifungulie mahali penye thieta, yaani chumba cha operesheni.

Na hauko peke yako kabisa. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2014 ulipata karibu wanawake 33 kwa kila 100 Kenya, wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliopita kiasi, na mijini ndo wengi zaidi. Ukiangalia maisha ya hapa utaelewa mbona: kazi ya kuketi kutoka asubuhi, matatu mpaka mlangoni, chips na soda kila kona, na mboga ya kupika inahitaji mtu aliyefika nyumbani mapema.

Hatua ya 1: Jua uko wapi

Chukua uzito wako wa kabla ya mimba, au ule wa kliniki ya kwanza kama ulienda mapema kabla ya wiki 12. Gawanya kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mfano mama wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, alafu 82 gawanya kwa 2.56 unapata 32. Hiyo 32 ndo BMI, kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu. Kutoka 18.5 hadi 24.9 ni kawaida, 25 hadi 29.9 umezidi kidogo, 30 kwenda juu ndo wanaita unene wa kupindukia, na kutoka 35 au 40 uangalizi unafaa kuwa wa karibu zaidi. Andika hiyo namba nyuma ya buku ya kliniki. Haisemi wewe ni mtu wa aina gani, inasaidia tu kujua vipimo gani usikubali kunyimwa.

Kwanza elewa venye inafanya kazi huko ndani

Hapa nitakaa kidogo juu ukielewa hii sehemu mengine yote yatakuwa rahisi.

Mafuta ya mwili, sana sana yale ya tumboni, yanafanya insulini isifanye kazi vizuri. Insulini ndo inaondoa sukari kutoka kwa damu na kuiingiza kwa misuli. Sasa mimba yenyewe, hata kwa mama mwembamba, inaongeza huo ugumu kwa sababu kondo la nyuma linatoa homoni zake zinazotaka sukari ibaki kwa damu ili mtoto apate. Kwa hivyo mama mwenye kilo nyingi anaanza safari mwili wake ukiwa tayari umelemewa, alafu mimba inaongeza mzigo juu yake, na wengine wanaishia kupata kisukari cha mimba bila kuhisi chochote, hakuna maumivu, hakuna dalili, anaona tu mtoto anakua na watu wanamsifu tumbo ni kubwa.

Sukari ya mama inapita kwenda kwa mtoto. Insulini ya mama haipiti. Kwa hivyo mtoto akipokea sukari nyingi inabidi atengeneze insulini yake mwenyewe, na insulini kwa mtoto wa tumboni inafanya kazi kama mbolea: anaweka mafuta, mabega yanapanuka, anafika kilo 4 na zaidi. Kumtoa kwa njia ya kawaida inakuwa ngumu, kichwa kinaweza kutoka alafu mabega yakwame, na hiyo ni dharura ya dakika chache. Akishazaliwa na kitovu kikatwe, ile sukari inakatika ghafla lakini insulini yake bado iko juu, basi sukari yake inashuka chini sana saa za kwanza. Ndo maana mtoto mkubwa mnono anaweza kuanza kutetemeka ama kulala tu bila kutaka kunyonya.

Na haiishii hapo. Watoto wa hizi mimba wana uwezekano zaidi wa kuwa na uzito mkubwa utotoni na kupata kisukari wakikua. Mtu atasema hiyo ni damu ya familia, ama ni chakula cha nyumbani kwao. Ni kweli vyote vinachangia, lakini kuna watu walifikiria hiyo swali vizuri sana, wakalinganisha watoto wa mama mmoja. Kwa jamii ya Pima kule Arizona, Marekani, mtoto aliyezaliwa baada ya mama kupata kisukari alikuwa kwa hatari zaidi ya kunenepa na kupata kisukari kuliko ndugu yake aliyezaliwa kabla. Na Quebec, Kanada, wakaangalia akina mama waliofanyiwa operesheni ya kupunguza uzito: watoto waliozaliwa baada ya operesheni walikuwa na unene mdogo kuliko ndugu zao waliozaliwa kabla. Mama ni mmoja, kilichobadilika zaidi ni hali ya mwili wake wakati wa mimba. Mimi hiyo inanipa moyo sana, manake inamaanisha kile unafanya sasa kinamfikia mtoto.

Upande wa mama pia kuna mambo: presha ya mimba ambayo inaweza kufika kifafa cha mimba, damu kuganda miguuni, operesheni zaidi, kidonda kuchelewa kupona, kutoka damu nyingi baada ya kujifungua. Mimba kuharibika na mtoto kufia tumboni pia huongezeka. Nimeyataja mara moja ili ujue. Akina mama wengi sana wenye kilo nyingi wanajifungua salama, na wanaofuatiliwa vizuri wanakuwa na nafasi nzuri zaidi.

Hatua ya 2: Kama bado hujashika mimba

Huu ndo wakati wa kupunguza uzito, si baadaye. Huhitaji kurudi size ya kidato cha nne. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito tayari kunasaidia, kwa yule mama wa kilo 82 hiyo ni kilo 4 hadi 8. Pima sukari na presha sasa, juu wengine wanagundua kisukari wakati mimba imeshaingia miezi.

Anza vidonge vya foliki (asidi ya foliki) mwezi mmoja kabla ya kutafuta mtoto. Mgongo na ubongo wa mtoto unajifunga ndani ya wiki 4 tangu mimba itungwe, wakati wengi bado wanafikiria ni siku zimechelewa tu, na akina mama wenye BMI ya 30 kwenda juu wana hatari zaidi ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Kile kidonge cha kliniki chenye chuma na foliki pamoja kina miligramu 0.4 za foliki. Kwa BMI ya 30 kwenda juu madaktari wengi wanapendekeza ile ya miligramu 5 mpaka wiki 12, kwa hivyo muulize daktari wako kuhusu hiyo.

Kama unatumia sindano za kupunguza uzito zile za semaglutide, acha angalau miezi 2 kabla ya kutafuta mimba. Na chai za kukata tumbo zinazouzwa mitandaoni achana nazo kabisa, hata ndani yake hujui kuna nini.

Hatua ya 3: Kliniki ya kwanza, usichelewe

Nenda kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linasema mama akutane na wahudumu angalau mara 8, na ya kwanza iwe ndani ya hizo wiki 12. Siku hiyo uliza haya.

Sukari ya damu, usingoje mpaka miezi mitano. Kile kipimo cha kuchovya kijiti kwa mkojo peke yake hakitoshi, sukari inaweza kuwa juu kwa damu na mkojo usionyeshe kitu.

Skani ya mapema ya kujua umri wa mimba. Alafu ile ya wiki 18 hadi 22 ya kuangalia viungo vya mtoto usiikose. Mafuta ya tumbo yanafanya picha isionekane vizuri, kwa hivyo ukiambiwa urudi baada ya wiki moja au mbili wamalizie moyo ama mgongo, rudi, usifikirie wanatafuta pesa. Baadaye unaweza kuhitaji skani nyingine ya kuangalia ukuaji juu kupima tumbo kwa utepe hakuaminiki sana mama akiwa na mwili.

Presha, na hapa tafadhali nisikilize. Ile kitambaa inayofungwa mkononi inafaa kutosha mkono wako. Kama mzunguko wa mkono wa juu unapita sentimita 33 na wanakufunga ile ndogo, mashine itasoma presha kubwa kuliko ile uko nayo. Unaweza kuanzishiwa dawa usiyohitaji, ama presha ya ukweli ikuje watu washazoea kusema mashine ndo inadanganya. Sema tu, "Sista, naomba ile kubwa." Kama haiko, uliza kituo gani kiko nayo. Sio kiburi. Kisha hakikisha waandike kwa buku ni saizi gani wametumia ndo ulinganishe mwezi na mwezi.

Muulize daktari pia kama unahitaji asipirini ya dozi ndogo kuanzia wiki 12, inasaidia kuzuia ile presha mbaya ya mimba kwa wale walio na hatari zaidi ya moja, mfano unene pamoja na mimba ya kwanza, ama pamoja na miaka 35 na zaidi. Usijinunulie, daktari ndo anajua kama inakufaa.

Na SHA, bima ya afya ya serikali, jisajili mapema na ulipe mchango wako. Huo mfumo ulichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, usingoje uchungu uanze ndo mzee aanze kuhangaika na simu.

Hatua ya 4: Kilo ngapi ziongezeke

Mapendekezo yanayotumiwa sana, ya Marekani ya 2009, ni hivi kwa mimba ya mtoto mmoja: BMI ya kawaida kilo 11.5 hadi 16, aliyezidi kidogo kilo 7 hadi 11.5, na wa 30 kwenda juu kilo 5 hadi 9. Kwa huyu wa mwisho inakuwa karibu kilo moja kwa mwezi kuanzia mwezi wa nne. Jipime mara moja kwa wiki asubuhi na uandike. Ukiona umepanda kilo mbili kwa wiki moja hiyo mara nyingi ni maji, si chapati, kapime presha siku hiyo hiyo.

Usijaribu kukonda. Kujinyima mpaka uzito ushuke kunaweza kumfanya mtoto azaliwe mdogo, na huyo naye ana shida zake za baadaye. Kama kutapika kwa miezi ya kwanza kumekushusha kilo mbili tatu, mwambie daktari tu.

Hatua ya 5: Chakula, hiki cha mtaani kwetu

Ile "kula ya watu wawili" iondoe kwa nyumba yako. Miezi mitatu ya kwanza mwili hauhitaji nyongeza ya maana, na baadaye unahitaji kidogo tu, kama yai moja na glasi ya maziwa lala.

Anza na vya kunywa, juu hapo ndo kuna faida ya haraka zaidi. Soda ya nusu lita ina karibu gramu 53 za sukari, hiyo ni vijiko vidogo kama 13. Kikomo cha sukari ya kuongeza kwa siku nzima ni karibu gramu 50, na ingefaa iwe 25. Yaani chupa moja imeshamaliza siku. Juisi ya paketi ni ndugu yake, hata ile ya kusagwa kwa kibanda inateremka haraka kuliko tunda lenyewe. Kunywa maji, na chai punguza kutoka vijiko vitatu kwenda kimoja, polepole, ulimi unazoea.

Sahani: nusu iwe mboga, robo protini, robo wanga. Nusu ya mboga ni nusu kweli, si kile kijilima cha sukuma pembeni ya ugali. Ugali uwe kama ngumi yako. Bahati yetu mboga za hapa ni tamu na mama mboga anakukatia: sukuma, terere, managu, kunde, spinachi. Protini si lazima nyama: ndengu, maharagwe, omena, mayai. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni chakula kizuri sana na hakipewi heshima inayostahili. Wanga badilisha na nduma, ngwaci, ama uji wa wimbi bila kumwaga sukari. Chapo hujakatazwa, kula moja, anza na ndengu na mboga alafu chapo ije mwisho, hiyo peke yake inafanya sukari isipande kwa kasi.

Mtu wa kazi ya mchana anaponunua chakula barabarani, ukikosa kitu kingine chukua mayai mawili ya kuchemsha na kachumbari, ndizi moja, karanga za kuchoma zisizozidi kiganja. Smokie na mandazi zinajaza tumbo kwa saa moja tu. Avokado nzuri lakini nusu inatosha. Na wewe unayetafuna zile mawe za odowa, hiyo hamu mara nyingi huja pamoja na upungufu wa damu, mwambie nesi apime damu.

Alafu kuna nyumba. Ukipika peke yako mboga na wao wanakula chips mbele yako, hutafika wiki mbili. Mzee na watoto wale hicho hicho, mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwa mtungi. Mama mkwe akisema mtoto atazaliwa mdogo mwonyeshe buku venye mtoto anakua.

Hatua ya 6: Tembea

Dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa siku tano, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Kama hukuwa unafanya kitu anza na dakika kumi. Nzuri kuliko zote ni dakika 10 hadi 15 baada ya kula, juu misuli inachukua sukari hapo hapo. Shuka steji moja kabla ya yako jioni kungali na mwanga. Kama mtaa wako si salama zunguka kwa kompaundi. Ukitoka damu, ukihisi kizunguzungu, kifua kikibana ama maji yakitoka, acha na uende hospitali.

Hatua ya 7: Kipimo kikubwa cha sukari, wiki 24 hadi 28

Hata kama kile cha kwanza kilikuwa sawa, rudia. Usile tangu usiku, angalau saa 8, maji tu. Unatolewa damu, unakunywa glukosi gramu 75, unatolewa tena baada ya saa moja na saa mbili. Beba kitabu, keti, usitembee sokoni katikati. Kisukari cha mimba ni ukifika 5.1 (kwa kipimo cha mmol/L) kabla ya kunywa, ama 10.0 baada ya saa moja, ama 8.5 baada ya mbili. Moja tu kati ya hizo inatosha. Wengi wanaipata, na wengi wanaidhibiti kwa chakula na kutembea peke yake. Wengine wanahitaji dawa ama insulini, na hiyo insulini haimfikii mtoto, kwa hivyo usiiogope.

Hatua ya 8: Ikitokea hivi usingoje asubuhi

Kichwa kuuma sana na hakiachi, macho kuona ukungu ama vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, presha ya 140/90 ama zaidi. Mguu mmoja kuvimba, kuwa moto na kuuma, ama kukosa pumzi ghafla. Mtoto kupunguza kucheza. Damu. Kila moja ya hizi ni hospitali usiku huo huo, weka namba ya mtu wa teksi unayemwamini kwa simu yako na ya mzee.

Hatua ya 9: Mahali pa kujifungulia

Kwa BMI ya 30 kwenda juu mimi ningesema wazi, usiende kile kijihospitali cha ghorofa ya pili hata kama nesi wao ni mzuri kama hakina thieta. Uliza kabla ya mwezi wa nane wa mimba: usiku thieta inafanya kazi? kuna damu? kuna mtaalamu wa ganzi? Kudunga ganzi ya mgongo kwa mtu mwenye mwili kunachukua muda, ni vizuri akuone kabla. Pumwani, Mama Lucy, Kenyatta na hospitali kubwa za binafsi zinafanya operesheni, chagua iliyo na barabara ya kupitika kutoka kwenu saa nane usiku. Na kuwa na kilo nyingi peke yake hakumaanishi lazima ukatwe, wengi wanajifungua kawaida.

Ukifanyiwa operesheni, inuka na utembee mapema wakikuruhusu, uliza kuhusu sindano ya kuzuia damu kuganda, na kidonda kilicho chini ya mkunjo wa tumbo kikaushe vizuri kila ukioga. Kikianza kunuka, kutoa usaha ama kuwa chekundu na moto, rudi.

Hatua ya 10: Mtoto ameshafika

Ndani ya saa ya kwanza awekwe kifuani mwako ngozi kwa ngozi na anyonye, hiyo inasaidia sukari yake isishuke. Kama ulikuwa na kisukari ama mtoto ni mkubwa, uliza wampime sukari kisiginoni.

Maziwa ya akina mama wenye kilo nyingi mara nyingi yanachelewa kujaa, yanaweza kupita siku tatu. Hapo ndo wengi wanaambiwa hawana maziwa, kopo linafunguliwa na kunyonyesha kunakwisha. Yale ya manjano ya siku za kwanza yanatosha tumbo dogo la mtoto. Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, kamua kwa mkono katikati, na kama matiti ni makubwa jaribu kumshika chini ya kwapa lako miguu ikielekea nyuma. Kama hakojoi vizuri ama analala tu muda wote apelekwe haraka, hapo si wakati wa kuvumilia.

Maziwa ya mama peke yake miezi 6, alafu endelea mpaka miaka 2 ukimwongezea chakula. Chakula cha kuanzia kisiwe na sukari wala soda kwa chupa ya mtoto, na akigeuza uso ameshiba, usimsukumie. Peleka kliniki ya kupima uzito hata chanjo zikiisha, muulize nesi mstari wake unaenda vipi ukilinganisha na urefu. Watu wa huku wanasifu mtoto bonge, wewe angalia mstari.

Na wewe mwenyewe, kama ulipata kisukari cha mimba, rudi upimwe sukari wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua, juu hatari yako ya kupata kisukari cha kudumu ni kama mara 7 ya mama ambaye hakukipata. Wengi hawarudi, mtoto ako na chanjo na mama anajisahau. Panga iwe siku moja na chanjo ya wiki 6, uende bila kunywa chai, umalize kipimo ndo ule. Hiyo siku hiyo hiyo ongea nao kuhusu uzazi wa mpango, upate muda wa kushusha kilo kidogo kabla ya mimba nyingine.